Kwa nini picha zangu za ziwa na mlima zinafanana mwaka mzima?

Swali: Kwa miezi kumi sasa nimekuwa nikirudi kwenye ziwa moja lililo chini ya mlima na kupiga picha kutoka mahali palepale, nikikusudia kuonyesha jinsi mwaka unavyopita. Nikizitandaza picha hizo naona zote ni kama moja: mlima uleule, maji yenye viwimbi, anga jeupe. Taswira ya mlima majini nimeipata mara mbili tu, na theluji ilipoanguka picha zilitoka za kijivu kana kwamba zimepakwa majivu. Nina kamera ya kawaida, lenzi moja pana na filta ya polaraiza. Je, tatizo ni kamera, au kuna jambo sijalielewa?

Jibu: Ndugu msomaji, kamera yako haina kosa, na sitakushauri ununue nyingine. Sijaziona picha zako, lakini dalili tatu ulizozitaja, yaani viwimbi majini, anga jeupe na mlima usiobadilika sura, kwa kawaida huandamana, na zikiandamana humaanisha kwamba mpigapicha alifika ziwani jua likiwa limekwisha kupanda. Kila faili ya picha hubeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa. Zifungue zile mbili zenye taswira, uangalie saa zake, kisha uzilinganishe na nyingine zote. Nadhani utakuta kwamba siku hizo mbili uliwahi kuliko ilivyo kawaida yako, au ulichelewa kuondoka jioni.

Hilo la saa ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba umeutwika mlima kazi isiyo yake. Ulitaka kuonyesha majira, ukaelekeza lenzi kwenye kitu kinachobadilika polepole kuliko vyote vilivyo mbele yako. Mwamba wenyewe hauna majira. Kinachobadilika juu yake ni theluji, mimea na mwanga. Ziwa ndilo linalobadilika kila wiki: hujaa na kupungua, huchafuka na kutakata, hutoa mvuke, huganda, hupasuka, hugeuka rangi. Ndiyo maana ushauri wangu mkuu, ambao maelezo yote yanayofuata ni ufafanuzi wake tu, ni kwamba uanze kuyapiga picha maji, na mlima uwe ndani yake au nyuma yake.

Tuanze na utulivu wa maji, maana ndio uliokutesa zaidi. Usiku miteremko ya mlima hupoteza joto, hewa inayogusana nayo hupoa na kuwa nzito, ikateremka taratibu kuelekea bondeni. Mchana mambo hugeuka: miteremko hupata joto, hewa hupanda kufuata mlima, na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Kati ya zamu hizo mbili kuna kipindi ambacho hewa haiendi huku wala kule, na mara nyingi kipindi hicho huangukia karibu na macheo. Kwenye baadhi ya maziwa hudumu saa nzima, kwenye mengine ni dakika chache tu. Ukifika jua likichomoza umekwisha kupoteza sehemu nzuri ya kipindi hicho, kwa hiyo fika kungali na giza la kuhitaji tochi, usimamishe stendi ya kamera, kisha usubiri. Majira nayo yana usemi katika hili. Theluji inapoyeyuka na hewa kuanza kupata joto, maji ya ziwa huwa bado ni baridi sana. Hewa iliyo juu yake hupoa kwa chini na kutulia kama kifuniko, na mara nyingi utulivu huo huendelea hadi asubuhi iliyokomaa. Majani yanapoanza kupukutika huwa kinyume chake, maji yana joto kuliko hewa, na badala ya kifuniko utaona mvuke ukipanda.

Kuna jambo la hesabu ambalo wapigapicha wengi hawalijui, na likieleweka hubadilisha kabisa namna ya kutafuta taswira. Watu hudhani kwamba ili mlima uonekane majini lazima ziwa lote lilale. Sivyo. Chukua mlima ambao kilele chake kiko mita 1,000 juu ya uso wa ziwa, umbali wa kilomita 5 kutoka ulipo. Ukisimama ukingoni na kamera ikiwa mita 1.5 juu ya maji, mahali ambapo kilele kinajionyesha majini pako takribani mita 7.5 tu mbele yako. Sehemu ya mlima iliyo nusu ya kimo hicho hujionyesha kwenye mita 15. Maana yake ni kwamba nusu nzima ya juu ya mlima imo ndani ya ukanda wa maji usiozidi urefu wa lori, na kilichoko katikati ya ziwa, hata kikichafuka, hakigusi kilele chako. Sasa ishushe kamera hadi sentimita 30 kutoka majini. Kilele kinasogea hadi mita 1.5 kutoka kwenye lenzi. Hapo unaweza kuipiga sehemu kubwa ya juu ya mlima ndani ya kidimbwi kilichoachwa na maji yaliyorudi nyuma, au ndani ya kighuba kilichokingwa na gogo, huku ziwa lenyewe likipigwa na upepo.

Kwa sababu hiyo, mimi nikifika ziwani situpi macho kwanza kwenye mlima. Natembea ukingoni nikitafuta vighuba vilivyopewa mgongo na upepo, matete yanayovunja viwimbi, mawe yaliyopangana yakafunga maji nyuma yake. Nikikipata kimojawapo nakunja miguu ya stendi hadi kamera ikaribie kugusa maji, nafunua kioo cha nyuma cha kamera kama kinafunuka, nachuchumaa na kupiga. Suruali hulowa magotini, hilo halina dawa. Kasoro ya kushuka chini ni kwamba majani na matete ya karibu hupata kimo na kuanza kukata mstari wa ukingo wa ng'ambo, kwa hiyo utalazimika kusogea hatua moja moja hadi upate mwanya. Upande wa fokasi, kumbuka kwamba taswira ya mlima haikai juu ya uso wa maji. Kwa lenzi, iko mbali sawasawa na mlima wenyewe. Ukilenga jani linaloelea mbele yako, taswira itafifia. Tumia tundu la lenzi la f/8 hadi f/11, uamue mwenyewe ni kipi unataka kikae wazi zaidi, na kama unataka vyote viwili, piga picha mbili zenye fokasi tofauti na uziunganishe baadaye. Usikimbilie f/22, kwa sababu tundu likiwa dogo kupita kiasi mwanga hutawanyika na picha nzima hupoteza makali.

Huenda filta yako ya polaraiza ndiyo iliyokuibia baadhi ya taswira. Mwanga unaoakisiwa na maji huwa umepangika upande mmoja zaidi, na filta hiyo imeundwa kuuzuia mwanga wa namna hiyo. Nguvu yake ni kubwa kabisa unapoyatazama maji kwa pembe ya takribani digrii 37 kutoka kwenye uso wake. Hapo ukiizungusha hadi mwisho taswira hutoweka na mawe ya chini huonekana. Hilo ni jambo zuri sana ukitaka kuonyesha mawe na majani yaliyozama, lakini ni hasara tupu ukitaka mlima. Kwa hiyo izungushe taratibu ukiyaangalia maji, wala si anga, na kama hujui unataka nini, ivue. Kwa lenzi pana kama yako ina hila nyingine: hulitia anga giza zaidi kwenye eneo lililo digrii 90 kutoka jua, na kwa kuwa lenzi pana huona eneo kubwa, utapata anga lenye doa la buluu nzito katikati na weupe pembeni, na doa hilo halisahihishiki vizuri kwenye kompyuta.

Maji hayarudishi mwanga wote. Ukiyatazama moja kwa moja kwa chini hurudisha kama asilimia 2 tu, na kadiri mtazamo wako unavyolala ndivyo yanavyorudisha zaidi. Ndiyo maana taswira siku zote ni ya giza kuliko mlima wenyewe, mara nyingi kwa stopu moja au mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu au kuuongeza mara mbili), na ndiyo maana mlima mrefu ulio karibu hutoa taswira hafifu kuliko safu ya milima iliyo mbali. Wanaotumia filta ya nusu giza, yaani ile iliyotiwa giza nusu ya juu ili kupunguza mwanga wa anga, au wanaopunguza mwanga wa anga kwenye programu ya kompyuta, husahau jambo hili na kuishia na ziwa linalong'aa kuliko anga linaloliakisi. Mtazamaji hatajua kosa liko wapi, lakini jicho lake litakataa picha hiyo.

Neno moja kuhusu kuacha shata, yaani kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, wazi kwa muda mrefu, kwa sababu wengi hushauri hivyo maji yakiwa na viwimbi. Filta nzito ya stopu 10 hugeuza muda wa 1/30 ya sekunde kuwa karibu sekunde 34, na maji kweli yatalainika kama maziwa. Lakini taswira haitarudi. Utabaki na rangi ya mlima iliyopakwa juu ya maji bila umbo lake. Mara nyingine hicho ndicho kinachotakiwa, hasa mlima ukiwa na mwanga mwekundu, ila usiitumie njia hiyo ukitarajia kioo. Maji yakiwa karibu kutulia, fanya kinyume: kasi ya 1/125 ya sekunde au zaidi, na subiri ile pumzi fupi baina ya mpulizo mmoja na mwingine.

Sasa nije kwenye mwanga, ambao nadhani ndio unaozifanya picha zako za miezi tofauti zionekane kama za siku moja. Jua likiwa juu hulipiga bonde lote kwa usawa, likafuta vivuli ambavyo ndivyo vinavyoupa mlima umbo. Kwenye latitudo ya digrii 45, jua la adhuhuri hufika kimo cha digrii 68 mwezi Juni upande wa kaskazini wa dunia na digrii 22 hivi mwezi Desemba. Katika majira ya baridi, basi, hata mchana wa kati una mwanga wa mlazo ambao kiangazi huupati ila asubuhi na jioni. Hiyo ni tofauti kubwa ya majira ambayo picha inaweza kuibeba bila tawi moja la mti kuonekana. Kubwa zaidi ni kwamba jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Kwenye ikweta mahali pa macheo husogea takribani digrii 47 kutoka Juni hadi Desemba. Kwenye latitudo ya 45 husogea digrii 68 hivi, na kwenye latitudo ya 60 hupita digrii 100. Uso wa mlima unaopata miali ya kwanza mwezi mmoja unaweza kushinda kivulini miezi sita baadaye. Wewe umesimama mahali palepale miezi kumi, na inawezekana kabisa kwamba mahali hapo panafaa kwa miezi miwili tu. Chukua ramani, chora mstari kutoka ziwani hadi mlimani, kisha uangalie jua litachomoza upande gani wa mstari huo kwa mwezi unaoutaka. Zipo programu za simu zinazoonyesha hivyo kwa tarehe yoyote, na ni chombo cha msaada kuliko lenzi nyingi. Wapigapicha wanaozunguka Mlima Fuji, wenye kimo cha mita 3,776, huzifuata tarehe kwa namna hiyo ili walikute jua likikaa sawasawa juu ya kilele. Wakikosa siku yenyewe, hulazimika kuhamia sehemu nyingine ya ukingo wa ziwa.

Pale macheoni kuna kitu kidogo ambacho huifanya kazi ya asubuhi nzima kuwa na maana. Kilele hupata mwanga wakati ziwa na bonde bado vimo gizani. Dakika chache kabla ya hapo anga upande wa pili wa jua huwa na mkanda wa waridi juu ya ukanda wa buluu ya kijivu. Ule ukanda wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kinachoshuka. Kisha ncha ya mlima inawaka, na kwa kuwa bonde lina giza, doa hilo jekundu ndilo kitu pekee chenye nguvu majini. Tofauti ya mwanga kati ya kilele na miti ya ukingoni inaweza kufika stopu 4 au zaidi, kwa hiyo piga picha tatu zenye viwango tofauti vya mwanga, na uhifadhi faili ghafi (RAW) badala ya zile zilizobanwa (JPEG). Ukiwa karibu na ikweta fanya haraka, kwa sababu jua hupanda wima na mapambazuko ni mafupi. Kwenye latitudo za juu unaweza kukaa na mwanga huo muda mrefu.

Kuhusu theluji ya kijivu, jibu ni fupi. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Ukikionyesha uwanja mweupe, kitaufanya kijivu. Ongeza stopu moja, na jua likiwaka ongeza hadi mbili, ukiiangalia histogramu, yaani grafu ya mwanga ambayo kamera huionyesha: mlima wa grafu usogee kulia bila kugonga ukuta. Rangi nayo ina mtego wake. Vivuli kwenye theluji ni vya buluu kwa kweli, kwa sababu vinaangazwa na anga na si na jua, na programu za kompyuta hupenda kuvisafisha hadi viwe vyeupe. Viache na sehemu ya buluu yao, maana hapo ndipo baridi inapoonekana. Siku za baridi zenye anga safi ni nzuri pia kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Tarehe 10 Aprili 1927 mpigapicha Ansel Adams alikuwa mbele ya mwamba wa Half Dome kule Yosemite, Marekani, akiwa amebakiwa na sahani mbili tu za kioo, zilizotumika kama filamu. Ya kwanza aliipiga kwa filta ya njano, akahisi kwamba anga lingetoka jepesi mno, akaweka filta nyekundu iliyokolea kwa ile ya pili, na anga likatoka karibu jeusi nyuma ya mwamba. Leo huhitaji filta hiyo: unapoigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, punguza buluu peke yake, na anga litazama huku theluji ikibaki juu.

Barafu inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo hali ya ziwa yenye sura nyingi kuliko zote. Maji safi huwa mazito kabisa yakiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo ziwa hupoa lote hadi kufika hapo, kisha maji baridi zaidi hubaki juu na kuganda. Ndiyo sababu ziwa lenye kina huchelewa kuganda, wakati vidimbwi vya jirani vimekwisha kuwa vigumu. Barafu ya kwanza, ikiganda usiku wa utulivu bila theluji, ni angavu hata huitwa nyeusi, na unaona chini yake mawe, nyufa na viputo vya gesi vilivyonaswa kimoja juu ya kingine. Ziwa Abraham la Kanada, ambalo ni la kutengenezwa na lilijazwa baada ya bwawa kujengwa mwaka 1972, limepata umaarufu kwa viputo hivyo vya methani, na Ziwa Baikal la Urusi, lenye kina cha mita 1,642, kwa barafu yake ngavu yenye nyufa ndefu. Theluji ikishaanguka juu yake sura hiyo huisha, kwa hiyo unayo siku chache tu, nawe fuatilia utabiri wa hewa kila jioni. Baadaye, barafu inapoanza kuyeyuka, hutanda juu yake utando wa maji usiozidi unene wa kidole; utando huo ni mwembamba mno kufanya mawimbi, na hutoa kioo bora kuliko ziwa lenyewe wakati wowote wa mwaka. Lakini upige kutoka ukingoni. Kipimo kinachotajwa sana kwa mtu mmoja anayetembea ni sentimita 10 za barafu ngavu iliyo ngumu, barafu nyeupe ina nusu ya nguvu hiyo, na barafu inayoyeyuka haina kipimo cha kuaminika hata ikiwa nene.

Majira mengine nitayapitia kwa haraka. Majani yanapobadilika rangi, kijani huwa kinaondoka na njano iliyokuwa imejificha chini yake hubaki, na baadhi ya miti hutengeneza wekundu mpya. Hapa polaraiza inarudi kazini, kwa kuwa huondoa mng'ao wa majani yaliyolowa na kuyaachia rangi yake. Ukungu wa asubuhi za wakati huo ni ule mvuke niliokwisha kuutaja, na hupendeza ukiwa kati yako na jua, si jua likiwa mgongoni. Kiangazi, maziwa yanayolishwa na barafu za milimani hugeuka rangi ya feruzi, kwa sababu maji yanayoyeyuka huleta unga laini wa mwamba uliosagwa, nao hutawanya mwanga wa buluu na kijani. Ziwa Moraine la Kanada ni la kijivu na pungufu kabla ya maji hayo kufika. Rangi hiyo, tofauti na taswira, hutaka jua la juu na mahali pa kusimama palipoinuka, kwa hiyo ndiyo ruhusa yako pekee ya kulala hadi asubuhi iive. Na palipo na majira ya mvua na ya ukame badala ya baridi na joto, kazi ni ileile kwa sura nyingine: mvua huosha vumbi na moshi hewani, mlima ukaonekana karibu asubuhi ya siku inayofuata, na ukame hushusha maji na kuacha mistari ya matope inayoongoza jicho. Kwenye milima mirefu ya tropiki kama Kilimanjaro, mita 5,895, mawingu mara nyingi hukifunika kilele kabla ya mchana, hivyo hata huko alfajiri haikwepeki.

Kwa vifaa, kama una fedha ya kitu kimoja, iwe lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 200, mpya au iliyotumika. Lenzi pana huupunguza mlima ukawa kichuguu, nawe huenda ulilaumu mlima. Kabla ya hapo hakikisha stendi yako ni imara. Betri za akiba ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi huzipunguzia nguvu. Mwaka mmoja nilitoka kwenye baridi kali nikaingia moja kwa moja kwenye chumba chenye moto, nikaiweka kamera mezani, na baada ya dakika tano lenzi ilikuwa na umande ndani na nje. Kesho yake, siku iliyokuwa na barafu nyeusi niliyoingojea kwa wiki tatu, doa la ukungu lilikuwa bado lipo katikati ya kioo. Tangu hapo naifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki nikiwa bado nje, na siufungui hadi kamera ipate joto la chumba.

Limebaki swali la kusimama mahali palepale. Usilitupe wazo hilo, bali ulitenganishe na lile la kupata picha nzuri, kwa sababu ni kazi mbili. Fremu isiyobadilika ni kumbukumbu, na ina heshima yake: mwanahisabati wa Ujerumani Sebastian Finsterwalder alianza kuzipima barafu za milima ya Alps kwa picha za kurudiwa mwishoni mwa miaka ya 1880. Lakini kumbukumbu hutaka usahihi ambao kusimama kwa kukisia hakuutoi. Chagua jiwe lililo karibu nawe, pamoja na pengo kwenye ukingo wa mlima, usogee hadi vikae kwenye mstari mmoja, kisha uandike kimo cha kamera na urefu wa lenzi ulioutumia. Picha zako za miezi kumi zilizokwisha kupigwa zinaweza kusawazishwa kwenye kompyuta kwa kufuata alama hizohizo.

Kwa miezi miwili uliyobakiza, ukifika piga kwanza fremu hiyo ya kumbukumbu, mara moja tu, ukiwa umeisimamisha stendi gizani. Kisha vua polaraiza, ikunje stendi hadi chini, na uende kwenye kile kighuba kilichokingwa na upepo kabla kilele hakijapata jua.